Kikosi cha Kenya cha kriketi cha miaka yote: 11 tu, nani anaingia na nani anabaki nje?

MlinziWaPointi:
Wadau wa kriketi habari zenu. Nina swali limenikalia kichwani tangu wikendi na najua humu kuna watu wamefuata timu ya Kenya miaka mingi kuliko mimi, so naomba mnisaidie. Ukipewa kalamu leo uandike kikosi cha Kenya cha miaka yote, watu 11, mechi moja ya ova 50 (ova moja ni mipira sita) dhidi ya timu yoyote kubwa duniani, utaweka nani?

Masharti yangu ni machache. Mchezaji awe aliichezea Kenya. Kipa, yule wa kushika mpira nyuma ya wiketi, awe kipa kweli, sio mtu wa kuvalishwa glavu siku hiyo. Warushaji wasipungue watano. Na kila mtu unamchukua akiwa kwenye ubora wake, sio ile miaka ya mwisho goti limekataa.

Mimi nimeanza hivi kwa mpangilio wa kupiga: Kennedy Otieno (kipa), Dipak Chudasama, Ravi Shah, Steve Tikolo (nahodha), Maurice Odumbe, Hitesh Modi, Tanmay Mishra, Thomas Odoyo, Collins Obuya, Martin Suji, Asif Karim.

Mtaona nimeweka wapigaji saba kabla ya kufika kwa Odoyo. Sababu yangu ni kwamba kila nikikumbuka Kenya ikipoteza nakumbuka mikimbio ikikosekana. Chukua Kombe la Dunia 1996 kule Kandy, Sri Lanka wakatupiga mikimbio 398 kwa wiketi 5 (yaani watu 5 tu walitolewa), Tikolo akapigana mpaka 96 na bado tukaishia 254. Tungekuwa na mtu mmoja wa kukaa naye pale mambo yangekuwa mengine. Kwa hivyo nimejaza juu. Lakini sijatulia na hio namba 7, na hapo namba 2 pia nina wasiwasi. Semeni.

KonaYaGymkhana:
Asante kwa hii mada, imenirudisha mbali sana. Kikosi chako kizuri lakini hesabu yako umeishika upande usiofaa kaka, na nitakuonyesha kwa mechi zenyewe.

Hebu tuangalie siku tulizowapiga wakubwa. Pune, tarehe 29 Februari 1996, West Indies. Tulipata mikimbio ngapi? 166. Mia moja sitini na sita bana! na Ambrose na Walsh na Bishop ndio walikuwa wanarusha, na katika hio 166 kitu kikubwa kuliko mpigaji yeyote wetu ilikuwa mikimbio ya ziada, 37, Tikolo ndiye aliyefuata na 29. Halafu tukawatoa wote kwa 93. Gwalior 1998 tukapata 265, India 196. Port Elizabeth 2001 India tena, sisi 246 wao 176. Nairobi 2003 Sri Lanka, sisi 210 kwa wiketi 9, wao 157. Bangladesh mwaka huo huo kule Johannesburg, 217 kwa 185.

Umeona inavyoenda? Kila mara tunapiga kwanza, tunapata kitu cha wastani, alafu tunawakaba pole pole mpaka wanajitoa wenyewe. Hakuna hata moja kati ya hizo tano tuliyoshinda kwa kupiga mpira kuwashinda, tulishinda kwa kurusha na kudaka. Hio ndio Kenya. Ukiniwekea wapigaji saba alafu mrushaji wa tano awe Odumbe peke yake na hakuna mrushaji kamili nyuma yake, siku moja mtu akiumwa bega uko matatani kwenye ova ya 20.

Mishra sina neno naye, ile 72 dhidi ya Australia kule Bangalore 2011 niliiangalia yote, fundi. Lakini hapa hana nafasi. Mtoe, weka mrushaji wa kasi wa tatu. Mimi naweka Rajab Ali. Pune alimng'oa Richie Richardson vijiti, akamtoa Brian Lara na mikimbio 8 tu, kipa Tariq Iqbal akadaka, na akamaliza kazi yeye mwenyewe kwa wiketi ya mwisho. Wiketi 3 kwa mikimbio 17. Kama unataka mtu wa kuanza na mpira mpya dhidi ya timu kubwa, huyo tayari amefanya.

Halafu Kenny Otieno ukipa namkubali mia kwa mia. Alikuwa anapiga kwanza na anashika wiketi ova zote 50, hio peke yake inakupa nafasi ya mrushaji wa ziada. Kule Visakhapatnam 1996 alipiga 85 dhidi ya Australia na hio Australia unaijua ilikuwa na nani.

BintiWaSpini:
Nakubaliana na KonaYaGymkhana kuhusu kukaba lakini naomba tuongee spini (kurusha mpira wa polepole unaozunguka) kwa sababu hapo ndio utajiri wetu ulikuwa na hakuna aliyeugusa bado

MlinziWaPointi umesema kila mchezaji achukuliwe akiwa kwenye ubora wake sawa, sasa huyu Collins Obuya unayemuweka namba 9 ni yupi? Maana kuna Collins wawili. Kuna yule wa 2003 mrushaji wa legi spini aliyewatoa Sri Lanka 5 kwa 24 pale uwanja wa Gymkhana Nairobi, mwaka ule ule akachukuliwa na Warwickshire, timu ya kaunti Uingereza, na kuna yule wa 2011 ambaye kurusha kulishapungua akageuka mpigaji kamili akabaki 98 bila kutolewa mbele ya Australia. Mikimbio miwili tu ikamkosesha mia yake. Nililia siku hio sitaficha. Lakini huwezi kuwachukua wote wawili kwenye jezi moja, hawakucheza mwaka mmoja, lazima useme unamtaka yupi.

Mimi namtaka wa 2003. Legi spini wa kweli ni kitu adimu sana hata kwa nchi zenye wachezaji maelfu, na sisi tulipata mmoja aliyeweza kuwachanganya watu waliokua wakicheza spini tangu utotoni, Sri Lanka ndio kwao spini! Wa kupiga tutapata wengine.

Upande wa pili ni Asif Karim. Wengi wanamkumbuka kwa ile moja ya Durban dhidi ya Australia na ni haki yao kwa sababu haijawahi kutokea kitu kama kile, mtu wa miaka 39 aliyekuwa ameshastaafu anaitwa arudi, anapewa mpira Australia wakiwa wanafukuzia 174 yetu kama mchezo, anarusha ova 8 na mipira miwili, ova sita kati ya hizo hawakupata hata mkimbio mmoja, anatoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi 3. Ponting, Lehmann, Hogg. Tulishindwa mechi na bado yeye ndiye akapewa mchezaji bora wa siku. Lakini ninachotaka mkumbuke ni miaka yote ya kabla ya hapo, alikuwa anarusha mkono wa kushoto, mpira juu kidogo, polepole, haumpi mpigaji kasi ya kuitumia, anamuacha atengeneze nguvu mwenyewe. Ukimuweka upande mmoja na Collins upande wa pili, mipira ya wote wawili inatoka mkononi tofauti lakini inaenda mbali na mpigaji wa mkono wa kulia, na Odumbe ndiye anayeurudisha ndani. Hapo umekamilika. Ova 30 za katikati hakuna mtu anapumua.

Kuhusu Odumbe nitasema wazi. Alifungiwa kucheza miaka 5 mwaka 2004 na najua kuna watu watataka asiwekwe kabisa kwa sababu ya hio. Nimefikiria sana. Kwangu mimi kama swali ni nani alikuwa bora uwanjani basi hakuna kikosi bila yeye: Pune ova 10 mikimbio 15 wiketi 3 na akiwa nahodha, Gwalior 83 ya kupiga, Bangladesh 2003 akabaki 52 bila kutolewa kisha akachukua wiketi 4. Lakini unahodha simpi.

PwaniSlipu:
Hamjambo nyote. Binti amesema yote ya Karim lakini naongeza moja kama mtu wa Mombasa, kwamba yule bwana kazaliwa huku kwetu, na mbali na kriketi aliichezea Kenya tenisi pia katika Davis Cup. Na 1999 Kombe la Dunia yeye ndiye alikuwa nahodha. Kwa hivyo mkitafuta nahodha msiende mbali.

Swala langu ni Rajab Ali. Mimi nampenda, na Pune ilikuwa siku yake, lakini siku moja ni siku moja. Swali limesema mechi moja ya ova 50 kweli, lakini nataka mtu ambaye naweza kumtabiri. Martin Suji tunaye tayari kwa mpira mpya, na yule ni mtu wa kuaminika kabisa, Bloemfontein 2003 dhidi ya Zimbabwe alifungua njia, 3 kwa 19, wao wakaishia 133 na sisi tukafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, nchi isiyocheza hata Test, ile kriketi ya siku tano! hio mpaka leo hakuna mwingine. Odoyo anakuja upande wa pili. Sasa huyo wa tatu awe mtu wa kurusha katikati na mwishoni, sio mwanzoni tena. Hapo mimi naona Peter Ongondo. Laini yake ilikuwa haiyumbi, hakupi kitu cha kupiga.

Na Joseph Angara msimsahau, Port Elizabeth alichukua 3 kwa 30 na mle ndani ya India kulikuwa na watu.

KonaYaGymkhana:
PwaniSlipu nimekusikia, na Ongondo nilikuwa naye kwenye karatasi yangu mpaka mwisho kabisa. Kilichoniangusha upande wa Rajab ni kitu kimoja, wiketi za mapema. Ukiwa na spina watatu wa kukaba katikati hawafanyi kazi yao vizuri kama wanaanza kurusha kwa wapigaji wawili waliotulia. Wanataka mtu mpya, mwenye hofu, ndio wamkabe. Sri Lanka 2003 Collins alikuta wameshapoteza watu juu. Kwa hivyo mrushaji wa kasi wa tatu kazi yake si kuzuia, ya kuzuia tunayo tele, kazi yake ni kutoa. Rajab alikuwa anatafuta vijiti.

Odoyo ndiye sijaona mtu amemsemea na inaniuma kidogo. Kijana aliingia Kombe la Dunia la 1996 akiwa na miaka 17. Kumi na saba! Akacheza Makombe matano, sawa na Tikolo, 1996 mpaka 2011. Ndiye wa kwanza kutoka nchi isiyo ya Test kufikisha wiketi 100 katika mechi za siku moja, na alikuwa na mia yake pia, 111 bila kutolewa dhidi ya Canada mwaka 2007. Watu walikuwa wanamlinganisha na Botham. Mkiandika kikosi andikeni Odoyo kwanza alafu mzunguke kumjengea wengine.

Ruaraka77:
Vijana mnaongea vizuri na nimesoma kila neno lakini kikosi cha miaka yote kinachoanzia 1996 si cha miaka yote. Kriketi hapa ilikuwepo kabla ya televisheni kuileta.

1975 Kombe la Dunia la kwanza kabisa Uingereza tulikuwepo, ila kwa jina la East Africa pamoja na Uganda na Tanzania na Zambia. Nahodha alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Tulipoteza mechi zote tatu, ya kwanza New Zealand ambapo Glenn Turner alipiga 171 na hakutolewa, lakini siku hiyo hiyo Frasat Ali akasimama akapata 45. Kwenye timu ile alikuwepo Jawahir Shah. Waliomwona wakiwa hai bado muwaulize, mpigaji wa mkono laini, mpira unaondoka kama haujaguswa. Na kuna Basharat Hassan, kazaliwa Nairobi, akaenda Nottinghamshire akacheza kuanzia 1966 mpaka 1985, karibu miaka ishirini katika kaunti, mikimbio zaidi ya 14,000 ya daraja la kwanza. Nionyesheni mwingine wetu aliyefanya hivyo dhidi ya warushaji wa kaunti kila wiki. Hakuna.

Nyinyi mnabishana Chudasama ama Shah hapo juu wakati mtu wa mikimbio elfu kumi na nne hajatajwa.

MlinziWaPointi:
Mzee Ruaraka77 shikamoo, na asante sana, hapo umenifunza. Nilikuwa najua 1975 juu juu tu.

Sasa nimekaa nikafikiria jana usiku mzima. Kwanza KonaYaGymkhana umenishinda, nilirudi nikaandika zile mechi tano kwenye karatasi na ni kweli, katika zote tano tulianza kwa kupiga alafu tukalinda. Kwa hivyo Mishra anatoka na Rajab Ali anaingia. PwaniSlipu naomba unisamehe kuhusu Ongondo, nimeshawishika na ile hoja ya kumletea spina mtu mpya.

Collins ni wa 2003, Binti uko sawa, nilikuwa nachanganya watu wawili bila kujua.

Hitesh Modi anabaki namba 6, hilo sitikisiki. Kwanza ni mkono wa kushoto na hatuna mwingine juu. Pili ni mtu wa kukaa, timu ikiwa 60 kwa 4 yeye ndiye unataka akitembea kwenda katikati. (Kuna wanaomjua tu kwa ile ya 2006 ambapo baba yake Subhash Modi akiwa mwamuzi alimtoa kwa LBW (mguu kuzuia mpira unaoenda kwenye wiketi) dhidi ya Bangladesh. Mimi naiona kama heshima kwa wote wawili, baba hakusita na mtoto akaondoka.)

Namba 2 ndio imenitesa. Chudasama na Kenny Otieno walishawahi kukaa pamoja mikimbio 225 dhidi ya Bangladesh hapa Nairobi 1997, Chudasama 122 na Otieno 144, na mtu ukishajua jozi inaelewana namna hio ni vigumu kuitenganisha. Lakini Basharat Hassan naye, mzee ana hoja nzito. Nimeamua hivi: Otieno na Basharat wanafungua, Ravi Shah namba 3. Chudasama anabaki nje, na ndiye ameniuma kuliko wote.

So: Kennedy Otieno (kipa), Basharat Hassan, Ravi Shah, Steve Tikolo, Maurice Odumbe, Hitesh Modi, Thomas Odoyo, Collins Obuya, Asif Karim, Martin Suji, Rajab Ali. Mtu wa 12 Jawahir Shah.

Nahodha bado ni Tikolo. Ndiye aliyetupeleka nusu fainali, na siku ya nusu fainali yenyewe India wametupiga 270 na Ganguly amebaki na mia, yeye akapata 56 wakati wengine wanaanguka. Nataka mtu ambaye timu ikizama yeye bado anapiga.

BintiWaSpini:
Hapo sawa kabisa. Tikolo pia anarusha ova zake za spini tulivu kwa hivyo una warushaji saba sasa ukihesabu na Odumbe. Na ukiangalia Odoyo namba 7 na Collins namba 8 bado kupiga kuko mpaka chini, hujapoteza kitu kwa kumtoa Mishra.

Na tukizungumzia Tikolo jamani tusisahau 147 ya fainali ya ICC Trophy, kombe la nchi zisizo za Test, 1997 kule Kuala Lumpur. Tulipoteza kwa mpira wa mwisho kabisa baada ya mvua, Bangladesh wakaanza safari yao hapo na sisi tukabaki. Mia arobaini na saba kwenye fainali na unaenda nyumbani bila kombe. Kwangu hio ndio kupiga bora kabisa kuwahi kufanywa na Mkenya na sidhani nusu ya wanaocheza leo wanaijua, na tangu tupoteze hadhi ya mechi za siku moja 2014 ndio inazidi kusahaulika.

Ruaraka77:
Marahaba kijana. Basharat kuingia nimefurahi, lakini Jawahir mtu wa 12 wa kupeleka maji, hapana. Mimi ningemuweka namba 3 na Ravi Shah angoje.

PwaniSlipu:
Mzee hapo kuna kazi maana Ravi Shah ndiye alitupa 61 tukiwafukuzia Canada 2003, bila ile mechi hata nusu fainali ingekuwa ngumu.

Mimi niulize la mwisho. Timu hii ya MlinziWaPointi imepiga 220, wapinzani wamebakisha ova moja na mikimbio 8, wiketi mbili mkononi. Mpira unampa nani?

KonaYaGymkhana:
Odoyo. Na kwenye nafasi za kudaka namweka Odumbe pointi, Tikolo kava, Kenny Otieno anasogea nyuma hatua mbili.

BintiWaSpini:
Karim. Wakitaka nane wazitengeneze wenyewe.

MlinziWaPointi:
Odoyo amebakisha ova moja kweli? Basi Odoyo. Kama zimeisha, Karim, na Collins anaenda mpakani mwa uwanja upande wa legi (upande wa miguu ya mpigaji).